Mpaka Uliohama

Kama umewahi kufika kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, bila shaka umeuona mmea wenye shina jembamba na majani marefu ya kijani, umeota kwa mstari katikati ya migomba na kahawa. Sisi tunauita isale. Yakiwa mengi ni masale. Mgeni hudhani ni pambo la bustani. Kumbe ni hati ya ardhi. Pale masale yalipopandwa ndipo kihamba cha mtu mmoja kinapoishia na cha mwenzake kinapoanzia.

Lakini mmea huo una kazi nyingine. Jani lake likifungwa fundo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, na mila yetu inasema kwamba aliyeletewa isale hana budi kusamehe, hata kama kosa ni zito. Tena makaburi yetu, ambayo yamo humohumo ndani ya vihamba, nayo tunayapandia masale. Mpaka, msamaha na kaburi: kazi tatu kwa mmea mmoja. Kwa miaka mingi nilipita kando ya masale hayo bila kujiuliza chochote. Nimelazimika kujiuliza uzeeni, baada ya kustaafu ualimu, kwa sababu ya uzio wa jirani.

Mipaka ya mashamba vijijini huwekwa kwa namna nyingi. Wako wanaopanda mkonge. Wako wanaopanda minyaa, ambayo utomvu wake si wa kuchezea karibu na macho. Wako waliotegemea mti mkubwa, jiwe, kijito au njia ya ng'ombe. Siku hizi kuna bikoni za zege, na kuna vifaa vinavyosoma setilaiti na kukupa tarakimu za mahali uliposimama. Alama za shambani zote zina udhaifu mmoja, nao ni kwamba haziwezi kujitetea. Mkonge hung'olewa, jiwe hubiringishwa, kijito huhama mvua ikizidi. Na isale pengine ndilo dhaifu kuliko zote, maana ukikata kipande cha shina lake ukakichomeka ardhini, huota bila kubembelezwa. Awezaye kupanda isale kwa asubuhi moja anaweza pia kuhamisha mpaka kwa asubuhi moja. Kwa hiyo tangu zamani kilicholinda mpaka hakikuwa mmea. Ilikuwa ni aibu ya watu wawili walioshuhudia ukipandwa.

Mwaka 2016 jirani yangu wa upande wa chini alirudi kutoka mjini kuijenga upya nyumba ya marehemu baba yake. Ni mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akinisalimu "Shikamoo, Mwalimu" tangu akiwa mtoto wa kwenda kuchota maji mfongoni. Alileta nguzo za zege na seng'enge, akaleta na vijana wa kuchimba mashimo. Mimi nilikuwa hospitalini na mke wangu kwa siku nne. Niliporudi nikakuta uzio umekwisha kusimama, na upande wa chini, kuelekea kwenye mfongo, umeingia kwangu hatua mbili nzima. Masale yetu na miti saba ya kahawa ya marehemu baba yangu vilikuwa vimebaki upande wa pili wa waya.

Nilipima kwa miguu. Kipande chenyewe kilikuwa cha pembetatu, upana wa hatua mbili chini, kikipungua hadi kuishia bure juu, urefu kama hatua 40. Kwa hesabu yangu ya shuleni haikuzidi mita za mraba 25. Hakitoshi nyumba, labda banda la ng'ombe. Lakini usiku ule sikulala. Hasira ya mpaka haiendi kwa mita za mraba. Hatua mbili zinaweza kumkosesha usingizi mtu ambaye angempa jirani huyohuyo mkungu wa ndizi bila kufikiri.

Asubuhi nilimwendea. Akaniamkia, akaniwekea kiti, kisha akasema kwa utulivu: "Mwalimu, mimi nimefuata kisiki cha mringaringa. Baba alinionyesha mimi mwenyewe, akaniambia mpaka wetu unapita pale." Nikamjibu kwamba mpaka si kisiki, mpaka ni masale, na masale yapo kila mtu anayaona. Akanyamaza. Nikaondoka bila kunywa chai aliyoniwekea, jambo ambalo kwetu ni sawa na kutangaza vita.

Nikapeleka lalamiko kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, na kati yao watatu wawe wanawake. Kazi yake si kuhukumu, ni kusuluhisha. Wajumbe walikuja shambani, wakatembea kutoka juu hadi chini, wakayaona masale makubwa yamejipanga kama askari nyuma ya seng'enge. Wengi wakatikisa vichwa. Kabla hata baraza halijakaa mara ya pili, kijiji kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu yake: huyu bwana wa mjini ni mvamizi. Nilisikia neno hilo kilabuni, nikalisikia kanisani, na sitaficha kwamba lilinipendeza.

Walimwita pia bibi mmoja mkongwe, aliyeolewa kijijini kwetu kabla ya Uhuru, ili atoe ushahidi. Akasimama kwa mkongojo, akautazama mstari wa masale, akakitazama kisiki, akasema hakumbuki. Tukamsikitikia kwa uzee wake. Siku tatu baadaye akanitumia mjukuu wake aniite.

"Mwanangu," aliniambia nilipokaa, "sikusahau. Sikutaka kukuvua nguo mbele za watu. Masale yale aliyapanda baba yako."

Akanieleza. Ulikuwa wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1979. Baba wa jirani yangu alikuwa amechukuliwa mgambo, akaenda vitani. Mimi nilikuwa nikifundisha Singida. Masale ya zamani yalikuwa yamezeeka na mengine yamekufa, na baba yangu alikuwa akipanda safu mpya ya kahawa. Mpaka wa kale ulikuwa na kombo, ukimega safu yake upande wa chini. Basi akaunyoosha. Hakwenda usiku kama mwizi. Alipanda mchana, huku akisalimiana na wapita njia. Alinyoosha mstari tu, na mstari uliponyooka ukawa umemeza hatua mbili za mtu ambaye hakuwapo.

"Na mwenyewe aliporudi?" nikauliza.

"Aliona. Alisimama pale chini muda mrefu. Hakusema neno. Angesema nini? Miezi yote aliyokuwa vitani, baba yako ndiye aliyewapelekea watoto wake maziwa."

Msomaji wangu, nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba mzigo ambao sikuuomba. Nataka tuuangalie pamoja, maana naamini wengi wetu tunaketi juu ya ardhi, au mali, au sifa ambayo mpaka wake ulinyooshwa na mtu tuliyempenda.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la sheria. Sheria yetu ya ukomo ya mwaka 1971 inampa anayedai ardhi miaka 12. Ikipita, mlango wa mahakama umefungwa. Kutoka 1979 hadi 2016 ni miaka 37. Kwa sheria, nilijiambia, kipande kile ni chetu mara tatu. Wala si sheria ya kipumbavu. Mashahidi hufa, kumbukumbu huoza, na mtu aliyelima mahali kwa nusu ya maisha yake anastahili kujua kwamba hatafukuzwa kwa madai ya kaburini. Lakini nilipoitazama vizuri niliona kwamba ukomo unasema ni lini hakimu aache kusikiliza. Hausemi kwamba baada ya mwaka wa kumi na mbili lisilo haki linageuka haki. Mahakama ina sababu ya kuchoka. Dhamiri haina.

Wazo la pili lilikuwa la hesabu. Baba yangu alilisha watoto wa mwenzake. Je, hatua mbili za ardhi si malipo halali ya maziwa ya miezi mingi? Hata mwenye ardhi alikubali kwa kimya chake! Wazo hili lilinishika zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu lilimpamba baba yangu. Lakini haliwezi kusimama. Wema unaojichukulia ujira wenyewe, bila kumwuliza aliyetendewa, umekwisha kuwa biashara, tena biashara ya upande mmoja. Na kimya cha yule askari hakikuwa kukubali. Kilikuwa kimya cha mtu aliyefungwa mdomo kwa shukrani. Mtu huyo alipata njia moja tu ya kusema: alimshika mwanawe mkono, akamwonyesha kisiki.

Wazo la tatu lilitoka kwa wakubwa wa fikra. Rousseau, mwandishi wa Kifaransa, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1755 juu ya kutokuwa sawa kwa wanadamu kwamba balaa nyingi zilianza pale mtu wa kwanza alipozungushia kipande cha ardhi na kukiita chake, na wengine wakamwamini. Mwalimu Nyerere naye, katika makala yake ya mwaka 1958 iitwayo Mali ya Taifa, alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba anachoweza kudai mtu ni jasho lake. Hata leo sheria inasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Basi, nikajisemea, tunagombania nini, ikiwa wote wawili ni wapangaji? Hatua mbili ziwe kwangu au kwake, si zote ni za umma?

Hoja hii ni tamu, lakini angalia nani anaitumia na lini. Mimi sikuikumbuka siku nilipouona uzio. Niliikumbuka siku nilipoambiwa kuwa mkosaji ni wa kwetu. Falsafa inayokuja tu pale inapotufaa ni wakili, si mwalimu. Na pia nadhani Rousseau hakuona mpaka wa namna ya kwetu. Mpaka wa masale haukuwekwa na mtu mmoja aliyepiga kelele kwamba hiki ni changu. Uliwekwa na wawili, mmoja huku na mmoja kule, na kila mmoja alikuwa akisema, "Hiki ni chako." Hapo ndipo penye kiini. Mpaka kabla ya kuwa mstari ni neno ambalo watu wawili wamepeana. Baba yangu alipounyoosha mstari akiwa peke yake, hakuiba ardhi tu. Alisema maneno ya watu wawili kwa kinywa cha mmoja.

Ndiyo maana, nadhani, dini zetu zimelichukulia jambo hili kwa ukali unaoonekana kupita kiasi. Torati inamlaani asogezaye alama ya mpaka wa jirani yake. Mtume Muhammad ameonya kwamba adhulumuye hata shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba. Shibiri moja! Ukali huo hautokani na ukubwa wa shibiri. Unatokana na wepesi wa dhambi yenyewe. Ng'ombe akiibwa, zizi husema. Mpaka ukihama, hakuna kinacholia.

Nilimweleza mke wangu. Yeye ana akili ya kutenda kuliko mimi, naye akanipa ushauri ambao hadi leo naona ulikuwa wa busara. "Liondoe lalamiko barazani," akasema. "Sema umeamua kuacha kwa ajili ya amani. Uzio umekwisha simama mahali pa haki, mwenzako amepata chake, marehemu baba analala kwa heshima. Kuna nani anayeumia?"

Nilikaribia kufanya hivyo. Nilikuwa hata nimekwisha kutunga maneno ya kusema, na yalikuwa mazuri: kwamba mimi ni mzee, kwamba jirani ni bora kuliko kahawa. Watu wangenisifu. Na hapo ndipo nilipoiona hila yake. Ningemrudishia jirani ardhi yake, lakini ningebaki na jina lake. Kijiji kingeendelea kumwita mvamizi, aliyeachiwa ardhi ya wizi kwa huruma ya Mwalimu. Watoto wake wangeitwa hivyo. Mimi ningekuwa mwema kwa gharama ya mtu asiye na kosa, na ule ungekuwa uhamishaji wa mpaka wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu baba yangu alichukua hatua mbili za udongo tu.

Lakini kusema ukweli barazani kulimaanisha kumwanika baba yangu, aliyelala hatua chache kutoka pale, na masale yamemzunguka. Je, mtu anaweza kulilipa deni la jirani kwa heshima ya mzazi wake? Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Jibu nililolipata si la kitabu. Niliona kwamba kwetu mtoto wa kiume akirithi kihamba hupokea vyote: migomba, ng'ombe na madeni. Huwezi kusema ndizi ni zangu, deni ni la marehemu. Miti ile saba ya kahawa ilimsomesha mdogo wangu, na mimi nimeivuna tangu baba alipofariki. Kama mavuno yalikuwa yetu, na kosa ni letu. Kumheshimu baba hakukuwa kuificha hesabu yake, kulikuwa kuikamilisha.

Basi nikafuata mila. Nilimwendea mzee wa ukoo, nikakata isale, tukalifunga fundo, tukaenda jioni kwa jirani. Alipoliona tu alisimama. Nilimweleza yote, hata habari ya maziwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Mimi maziwa yale nayakumbuka, Mwalimu. Ya kisiki niliambiwa, lakini na ya maziwa baba aliniambia. Alisema nisije nikadai wakati mzee wako yu hai." Akalipokea isale kwa mikono miwili. Safari hii chai niliinywa.

Mkutano uliofuata wa baraza nilisimama nikasema: "Uzio wa jirani uko mahali pake. Mpaka uliohama ni wetu." Mjumbe mmoja akauliza ni nani aliyeuhamisha na lini. Nikajibu, "Sisi." Akauliza tena. Nikajibu tena, "Sisi." Mwenyekiti akaelewa, akamwashiria aache. Yule bibi mkongwe alikuwa amekaa chini ya mti pembeni, akaendelea kutazama mkongojo wake.

Uzio haukung'olewa, wala sikuomba ung'olewe. Sina ugomvi na seng'enge. Mwenye mbwa na kuku ana haki ya kuzuia vyake. Ila jirani alikata nafasi ndogo akaweka kilango pale ilipokuwa njia ya zamani ya kwenda mfongoni, na tukapanda masale mapya kandokando ya waya, yeye akichimba, mimi nikichomeka. Kahawa alitaka niendelee kuivuna. Nilikataa, tukakubaliana tugawane hadi miti hiyo itakapozeeka. Tuliwaita wajukuu zangu na watoto wake waje watazame, kwa sababu waya utashika kutu, na mashahidi ndio mpaka wenyewe.

Kama nina ushauri wowote kwa mwenye kununua nguzo leo, ni mdogo tu. Usichimbe shimo la kwanza kabla hujamwita jirani asimame hapo. Tembeeni mpaka wote kwa miguu, juu hadi chini, na vijana wenu wawepo. Kama kijiji chenu kinatoa hati za hakimiliki za kimila, zichukueni. Lakini kumbuka kwamba karatasi hurithi kosa kama isale lilivyorithi. Kipimo kikichukuliwa kwenye mstari uliohama, kitauandika uhamaji huo kwa tarakimu safi kabisa. Kabla hujauliza mpaka uko wapi, uliza kwanza ni nani na nani walikubaliana.

Yote haya yangekuwa na mwisho mzuri kama si jambo moja. Mdogo wangu, aliyesomeshwa na kahawa ile, alisikia habari akiwa mjini. Alinipigia simu mara moja tu, akauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nani alikupa ruhusa ya kusema 'sisi'?" Tangu siku ile hajaja nyumbani, hata sikukuu ya Krismasi. Nimeligeuza swali lake mara nyingi, na naona ana haki. Mimi niliyejifunza kwamba neno la wawili halisemwi na mmoja, nilisimama barazani nikalisema la wawili peke yangu. Nilikuwa na ukweli mkononi nikadhani unatosha.

Kwa hilo nimemkosea. Nimekata jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mkono wa binamu yetu.